H-indeksi yangu ni 5, ya mwenzangu 31: je, nimefanya kazi ndogo mara sita?

Swali la msomaji: "Shikamoo dokta. Nafundisha hisabati kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, huu mwaka wa 11 tangu nianze kupablishi, fani yangu ni nadharia ya namba. Nina pepa 14, Google Scholar inanipa saitesheni 96, yaani nimenukuliwa mara 96, na h-indeksi 5. Mwenzangu wa afya ya jamii tulianza kazi mwaka mmoja, yeye ana saitesheni 9,400 na h-indeksi 31. Kwenye kikao cha kupandisha vyeo mjumbe mmoja alituweka kwenye slaidi moja, akasema namba zinajieleza zenyewe. Nilirudi nyumbani hata chakula hakikupita. Fomu ya kupanda cheo narudisha mwezi ujao. Hivi kweli mimi nimefanya kazi ndogo mara sita kuliko mwenzangu? Na je, nihamie kwenye modeli za magonjwa ili na mimi ninukuliwe?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hiyo slaidi. Swali lako la kwanza nalijibu hapa hapa juu ili usisome huku moyo unadunda: hapana, 5 na 31 hazikuambii kwamba umefanya kazi ndogo mara sita, na yule mjumbe aliyesema namba zinajieleza zenyewe hakuzisikiliza. Zile namba zinasema vitu vingi, ila kabla hazijafika kwako wewe zinaanza kusema habari za fani yako, watu wa fani yako wanavyoandika, wako wangapi, wanaandika wangapi wangapi kwenye pepa moja, na nani anahesabu. Wewe unakuja mwisho kabisa.

Tuanze na h-indeksi yenyewe maana watu wengi wanaitumia kwenye vikao bila kujua imetoka wapi. Ilitolewa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa University of California San Diego. Maana yake ni rahisi: h yako ni 5 manake una pepa 5 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 5, na huna pepa 6 zilizonukuliwa mara 6. Basi. Sasa cha kwanza cha kuona hapo ni kwamba h haiwezi kuzidi idadi ya pepa zako. Una pepa 14, hata kama kila moja ingenukuliwa mara elfu kumi h yako ingegota 14 isisogee. Kwa hiyo fani ambayo mtu anatoa pepa moja kwa mwaka na fani ambayo mtu anakuwa na jina kwenye pepa 15 kwa mwaka, mmoja ana dari ya chini kabla hata mchezo haujaanza.

Na Hirsch mwenyewe alilijua hili. Kwenye pepa ile ile ya 2005 alipanga wanafizikia wa juu kabisa, wa kwanza akawa Edward Witten na h ya 110. Halafu akaangalia watu wa baiolojia na tiba, wa kwanza huko akawa Solomon Snyder, mtu wa ubongo na mishipa ya fahamu, h yake 191. Akaandika wazi kwamba fani hazilingani, huwezi kuchukua kipimo cha huku ukapima kule. Yaani aliyetengeneza mzani ameweka onyo pale pale kwenye mzani, sisi tumeubeba mzani onyo tumeliacha njiani. Na hao wawili ni vinara, hakuna mtu mwenye akili zake angesimama kwenye kikao akasema Witten ni nusu ya Snyder.

Sasa kuna kitu kingine kwenye pepa ile ambacho watu hawakitumii na mimi nakipenda sana, na kwa sababu wewe ni mtu wa hisabati nakupa. Hirsch alisema ukichukua saitesheni zote za mtu ukagawa kwa h mara h, kwa kawaida unapata namba kati ya 3 na 5. Fanya ya kwako: 96 gawa kwa 25, unapata 3.84. Uko katikati kabisa, saitesheni zako zimesambaa kwenye pepa zako kama anavyosambaa mtafiti wa kawaida. Fanya ya mwenzako: 9,400 gawa kwa 961, unapata karibu 9.8. Hiyo imetoka nje ya mstari. Angekuwa na msambao wa kawaida, h ya 31 ingekwenda na saitesheni kama 3,000 hadi 4,800 hivi. Zile nyingine elfu nne na ushee zimetoka wapi? Sijaona profaili yake, lakini kwa uzoefu wangu wa kukaa na hizi namba, mtu wa afya ya jamii akiwa na uwiano kama huo nenda kaangalie pepa zake mbili tatu za juu, mara nyingi utakuta zile kubwa za muungano wa watafiti wa nchi nyingi, waandishi mamia, na jina lake liko mahali fulani katikati.

Usinielewe vibaya hapo. Kuwa wa mia mbili kwenye pepa ya muungano sio wizi. Chukua zile za Global Burden of Disease zinazoratibiwa kutoka Seattle na kutoka mara nyingi kwenye jarida la Lancet, mzigo wa magonjwa duniani nchi kwa nchi. Zinahitaji watu wa kila nchi wanaojua data za kwao, na mtu wetu akikaa mle ndani ametoa mchango wa kweli. Lakini angalia zinanukuliwaje: kila mtu duniani anayeandika pepa ya ugonjwa wowote, sentensi yake ya kwanza ni "ugonjwa huu unaua watu kadhaa kwa mwaka", na hapo anahitaji namba, na namba ipo kule, kwa hiyo anainukuu. Maelfu kwa maelfu ya pepa zina sentensi hiyo. Saitesheni inaingia kwa kila mwandishi nzima nzima, haigawanywi, aliyeongoza kazi miaka mitatu na aliyetuma jedwali moja wote wanaandikiwa sawa. Fizikia ya chembe ndo imefika mbali zaidi, mwaka 2015 makundi mawili ya maabara ya CERN, ATLAS na CMS, walitoa pepa moja ya kupima uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154, kurasa 33, na kati ya hizo kurasa 24 ni majina ya watu na taasisi zao. Sasa wewe uliyekaa na lema moja, ule ushahidi mdogo wa kujengea mkubwa, miezi minane peke yako unawekwa kwenye safu moja na hesabu za namna hiyo.

Halafu njoo kwenye saitesheni yenyewe inavyozaliwa. Saitesheni haishuki kutoka juu, inatoka kwenye orodha ya marejeleo ya pepa ya mtu mwingine. Fani ambayo kila pepa ina marejeleo 50 na inatoa pepa nyingi mno kwa mwaka, inamwaga saitesheni nyingi mno, lazima ziangukie watu. Hisabati orodha zetu ni fupi, wengi tunaishia 20 au 25, na tuko wachache, tena wa nadharia ya namba ni wachache ndani ya wachache. Ni kama mvuvi wa dagaa na mvuvi wa sangara pale Ziwa Victoria, ukisema tuhesabu mikia asubuhi wa dagaa atashinda kila siku ya Mungu, na hakuna mtu mwaloni atakayefanya hesabu hiyo kwa sababu kila mtu pale anajua samaki. Tatizo la kamati zetu ni kwamba wanaohesabu mikia wengi hawajui samaki wa fani nyingine.

Na kuna suala la muda. Impakti fakta ya jarida, ambayo nayo utaikuta kwenye hizo slaidi, inahesabu saitesheni za mwaka mmoja kwenda kwa pepa zilizotoka miaka miwili iliyotangulia tu. Miaka miwili! Kwenye hisabati pepa inaweza kukaa kwa marefa, wale wanaoikagua kabla jarida halijaikubali, zaidi ya mwaka, na atakayekunukuu naye bado anasoma ushahidi wako mstari kwa mstari kabla hajaandika ya kwake, na ya kwake nayo itakaa kwa marefa. Ndo maana Annals of Mathematics, jarida ambalo mwanahisabati akipata pepa moja mle anaweza kulala usingizi maisha yake yote, impakti fakta yake haifiki 10, wakati CA, jarida la saratani la madaktari wa Marekani, inapita 200. Ukipanga majarida kwa namba hiyo Annals inazikwa chini ya majarida mengi ya tiba ambayo hata wewe hujawahi kuyasikia. Wanahisabati wenyewe kwenye MathSciNet, databesi ya pepa za hisabati, wana kipimo chao ambacho kinaangalia miaka mitano, angalau hapo pumzi inapatikana.

Nikwambie na hili la kunukuliwa sana maana yake nini, kwa sababu nadhani ndo lilikuumiza zaidi, kwamba labda hunukuliwi kwa kuwa kazi yako haina maana. Mwaka 2014 jarida la Nature lilipanga pepa 100 zilizonukuliwa kuliko zote kwenye Web of Science, databesi ya saitesheni. Ya kwanza ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, saitesheni zaidi ya 300,000. Inahusu nini? Njia ya kupima kiasi cha protini kwenye maji ya maabara. Kila aliyeitumia njia anainukuu, miaka nenda rudi. Lowry mwenyewe aliwahi kusema anajua sio pepa kubwa kihivyo. Na ile ya Watson na Crick ya 1953 ya umbo la DNA, ambayo kila mtoto wa kidato cha nne anaichora? Haimo kwenye 100 bora. Kugundua kitu hadi kikawa elimu ya kila mtu kunaua saitesheni, watu wanaacha kutaja chanzo kwa sababu hakuna asiyejua. Nani leo anamnukuu Euler kwenye orodha ya marejeleo? Na wewe unamtumia kila wiki.

Tena hapa kwetu tunao mfano ambao mimi huwa naurudia kila nikifundisha. Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu Magamba sekondari, wanatengeneza aiskrimu, anaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, yanaganda kabla ya yale yaliyopoa. Anauliza, anachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, anamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na wanafunzi wenzake wanamcheka tena, lakini Osborne anaenda kujaribu kweli. Mwaka 1969 wakatoa pepa fupi pamoja kwenye Physics Education, wakati huo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori kule Moshi. Sasa mpime kwa h-indeksi: pepa moja, h ni 1. Hapo hapo namba imekwisha, haina la kusema tena. Lakini mwaka 2017 watu wawili, Lu na Raz, wakatoa kwenye jarida la PNAS nadharia ya athari ya Mpemba kwenye mifumo ambayo haina hata maji, 2020 Kumar na Bechhoefer wakaionyesha kwa majaribio kwenye Nature, na sasa kuna wimbi zima la watu wa fizikia ya kwanta wanaandika jina lake kwenye vichwa vya pepa zao. Na maji yenyewe bado yanabishaniwa, mwaka 2016 walitoka watafiti wa Uingereza na pepa ya kusema hawaoni ushahidi wa maana. Yaani zaidi ya nusu karne baadaye swali la yule kijana bado linaajiri watu. Kamati ya mwaka 1972 ingeona nini kwenye slaidi?

Kwenye hisabati yetu yuko Yitang Zhang. Mhadhiri wa kawaida pale University of New Hampshire, miaka mingi, pepa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2013, amefika umri wa miaka 58 hivi, anatuma Annals ushahidi kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haizidi milioni 70. Ilipitishwa ndani ya wiki kadhaa tu, jambo ambalo kwa Annals halijazoeleka kabisa. Peke yake. Baada ya hapo James Maynard kwa njia yake akashusha hadi 600, na kundi la Polymath alilokuwemo Terence Tao likafika 246. Sikupi Zhang ili nikwambie na wewe utakuwa Zhang, wengi wetu hatutakuwa. Nakupa ili uone kwamba siku moja kabla ya hiyo pepa na siku moja baada yake h-indeksi yake ilikuwa ile ile.

Sasa haya yote sio kusema saitesheni ni takataka, tusiende huko, kuna wanahisabati wanajificha nyuma ya "fani yetu hainukuliwi" wakati ukweli ni kwamba hawajaandika kitu miaka saba. Saitesheni zina maana ukilinganisha vinavyolingana. Njia yenyewe inajulikana muda mrefu: unachukua pepa, unaangalia pepa za fani hiyo hiyo za mwaka huo huo zimenukuliwa mara ngapi kwa wastani, unagawa. Ikitoka 1 uko sawa na wastani wa dunia, ikitoka 2 uko mara mbili. Nikupe mfano wa kubuni tu wa kuonyesha: pepa yako ya 2017 ina saitesheni 12 na wastani wa pepa za nadharia ya namba za 2017 tuseme ni 8, unapata 1.5. Pepa ya mwenzako ya mwaka huo huo ina 30 na wastani wa huko tuseme 40, anapata 0.75. Kwenye slaidi yeye ni 30 wewe ni 12. Kwenye hesabu ya haki wewe uko juu ya wastani na yeye yuko chini. Na hii sio maneno ya kufarijiana, mwaka 2008 Radicchi, Fortunato na Castellano walionyesha kwenye PNAS kwamba fani ambazo kwa namba ghafi ziko mbalimbali kama mbingu na ardhi, ukigawa kwa wastani wa fani mchoro wake wa msambao unalaliana karibu kabisa. Kinachotofautiana sana ni kiwango cha fani, sio akili za watu.

Ugumu unabaki kwenye kuamua "fani yako" ni ipi. Hisabati sio moja. Mtu wa milinganyo ya mtiririko wa maji na mtu wa namba tasa wote wako idara moja lakini wa kwanza ananukuliwa na mainjinia. Kwa hiyo usikubali kulinganishwa hata na "hisabati" kwa jumla, shuka chini hadi tawi lako.

Hata wale wanaojaribu kufanya haki wanagota kwenye hisabati. John Ioannidis wa Stanford na wenzake mwaka 2019 walitoa ile databesi ambayo kila mwaka unaona vyuo vyetu vinapongeza watu mitandaoni, "asilimia 2 bora ya wanasayansi duniani". Ina uzuri wake, inapanga watu ndani ya fani ndogo zao, inaangalia kama ulikuwa mwandishi wa kwanza, wa peke yako au wa mwisho, na inakupa namba mbili, pamoja na zile za kujinukuu mwenyewe na bila hizo. Lakini hapo kwenye mwandishi wa kwanza wewe tena unaumia, kwa sababu hisabati tunapanga majina kwa alfabeti. Afya wa kwanza ndo aliyebeba kazi na wa mwisho ndo mkuu wa mradi, kwetu wa kwanza ni yule ambaye jina la baba yake linaanza na A. Kamati inayotoa pointi kwa mwandishi wa kwanza inakunyima pointi kwa sababu ya ukoo wako. Lisemeni hili kwenye vikao, wajumbe wengi hawalijui kabisa, ukiwaambia wanashtuka.

Na Clarivate wao, wale wenye Web of Science na orodha ya watafiti wanaonukuliwa sana, mwaka 2023 waliiondoa hisabati nzima kwenye orodha yao. Sababu ni kwamba fani ni ndogo, saitesheni chache, kwa hiyo kikundi kidogo cha watu wakikubaliana kunukuliana kinapanda juu haraka. Fikiria hilo vizuri: wenye biashara ya kuhesabu wenyewe wameona hesabu yao hapa inachezewa wakaisimamisha. Hiyo peke yake iweke kwenye barua yako ya kuomba kupanda cheo.

Niseme na kitu ambacho bado kinanichoma. Miaka ya nyuma nilikaa kwenye kamati ya kutoa ufadhili wa utafiti, pa wapi sisemi. Tulikuwa na waombaji wengi, muda mchache, mwenyekiti akasema tuwapange kwanza kwa h-indeksi tukate nusu ya chini. Nikanyamaza. Aliyekatwa wa kwanza alikuwa mtu wa isimu, miaka yote anaandika kwa Kiswahili, kamusi, sarufi za lugha ndogo ambazo wazungumzaji wake wanazidi kupungua. Kazi zake ni vitabu na makala za majarida ya hapa nyumbani ambayo Scopus, databesi nyingine ya saitesheni, haiyaoni. Kwa ile namba alikuwa karibu na sifuri. Tulimkata mtu ambaye kazi yake ingebaki wakati zetu zote zimesahaulika, na tulimkata kwa dakika moja. Tangu siku ile sinyamazi tena, na ndo maana jibu hili limekuwa refu.

Sasa tufanye kazi. Umesema fomu unarudisha mwezi ujao, kwa hiyo muda upo.

Kwanza safisha profaili yako. Google Scholar inakusanya kila kitu, tasnifu, prepinti (pepa zilizowekwa mtandaoni kabla ya jarida), ripoti, hadi slaidi za kozi, ndo maana namba zake huwa kubwa kuliko za Scopus, na inachanganya majina. Sisi Waswahili majina yetu yanatutesa, leo umeandika jina lako na la baba, kesho jarida limeweka la babu, Mohamed huku Muhammad kule, na kuna wenzako watano wenye jina hilo hilo. Fungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, kama huna, ni bure, ondoa pepa zisizo zako, unganisha zilizogawanyika. Nimeona watu saitesheni zao robo nzima zimelala kwenye jina lingine. Halafu ingia zbMATH Open, tangu 2021 ni bure, hiyo ni ya hisabati tupu, angalia pepa zako kule zimepewa namba gani ya tawi na nani amezinukuu.

Kisha nenda OpenAlex, databesi ya pepa za fani zote. Ni bure pia, ilianza 2022, haihitaji chuo kulipia chochote. Kila pepa yako utaona uwiano uliosawazishwa kwa fani na mwaka, na asilimia uliyopo. Ainisho lao la mada linakosea mara nyingine, pepa ya namba tasa unaikuta imetupwa kwenye usalama wa kompyuta, kwa hiyo hakikisha kabla hujanakili. Dimensions, databesi nyingine, nayo ina kipimo kama hicho kwenye toleo la bure. Weka pepa zote 14 kwenye jedwali moja, usichague nzuri tu, mjumbe makini akigundua umeficha atakutilia shaka hata penye ukweli.

Halafu fanya jambo ambalo hakuna programu itakufanyia. Kaa na zile saitesheni 96 usome moja moja. 96 sio nyingi, ni kazi ya wikiendi mbili. Toa zako mwenyewe na za mwandishi mwenza. Zile zinazobaki gawanya, nani amekutaja kwa kupita tu kwenye utangulizi, "tazama pia", na nani ametumia teorema yako kama ngazi, yaani ukiiondoa ushahidi wake unaanguka. Hizo za pili hata zikiwa 9 zina uzito ambao saitesheni 900 za "ugonjwa huu unaua watu kadhaa" hazina. Andika aya moja kwa kila moja ya pepa zako tatu bora: nilithibitisha nini, kabla yangu walikuwa wamefika wapi, nani kaitumia na kufanyia nini. Kwa lugha ambayo profesa wa kilimo ataielewa. Azimio la San Francisco, lile wanaloliita DORA, na Ilani ya Leiden ya 2015 vyote vinasema hivyo hivyo, namba isaidie maoni ya wajuzi, isichukue nafasi ya maoni hayo, kwa hiyo unaweza kuvitaja.

Na kwa hilo zoezi uwe mkweli kwa nafsi yako. Ukimaliza ukikuta hakuna hata mtu mmoja nje ya wenzako wa karibu aliyewahi kutumia kitu chako, basi una swali lingine la kujiuliza na sio la h-indeksi. Labda unatuma kwenye majarida ambayo watu wa fani yako hawayafungui, labda hujaweka prepinti arXiv, hifadhi ya bure ya prepinti mtandaoni. Hilo la arXiv anza leo, watu wa nadharia ya namba kule ndo wanasoma kila asubuhi.

Kitu kimoja sitaki uende nacho kikaoni, kumdogosha mwenzako. Usiseme "za kwake ni za muungano tu". Hujui alifanya nini mle, na kazi zinazotoka Ifakara na Kilifi za malaria na vyandarua zimeokoa watoto ambao mimi na wewe tunawafundisha leo. Yeye hakutengeneza ile slaidi. Ikiwezekana kaa naye, mwoneshe hesabu ya Hirsch ile ya kugawa, na mwombe akuambie pepa yake anayojivunia ni ipi, uwezekano ni mkubwa kwamba sio ile yenye saitesheni nyingi kuliko zote. Mkiingia kikaoni mnazungumza lugha moja wote wawili, yule mjumbe atakosa pa kushika.

La mwisho, kuhamia modeli za magonjwa. Kama unalipenda nenda, sio fani ya kudharau, Ronald Ross aliyepata Nobel 1902 kwa malaria alikuja kuandika milinganyo ya maambukizi mwenyewe kwa sababu aliona bila hisabati hajui aue mbu wangapi ili ugonjwa ukatike, na nchi hii inahitaji watu wanaoweza kufanya hiyo kazi vizuri kuliko inavyofanywa sasa. Lakini kama unahamia kufuata saitesheni, jua kwamba utaingia ukiwa mwaka wa 1 kwenye fani ambayo wenzako wako mwaka wa 11, na utalinganishwa na wastani wa huko ambao uko juu, ile 5 yako itakuwa ndogo kweli. Mimi ningekuwa wewe ningechukua mwanafunzi mmoja wa masters tumsimamie pamoja na huyo mwenzako wa afya, pepa moja, nione kama maswali yenyewe yananiamsha usiku. Huku lema yangu iko mezani.

Anza na ORCID wiki hii, usisubiri, kusahihisha majina kunachukua siku kadhaa hadi mabadiliko yaonekane.